Gari la Mizigo: Tumekodisha au Tumeshirikiana?



Ipo biashara moja iliyoingia katika nyumba nyingi za Waislamu wa nchi hii kimya kimya. Kiinua mgongo kikitoka, shamba la urithi likiuzwa, au kijana aliyeko Muscat akituma akiba yake ya miaka mitatu, jambo la kwanza linalotajwa barazani ni gari la mizigo. Hutafutwa HiAce, viti vikang'olewa, ikabaki bodi tupu. Au mwenye uwezo zaidi hununua Canter la boksi. Kisha hutafutwa dereva, na kwa kuwa fedha ni za familia, dereva naye hutafutwa ndani ya familia: mtoto wa shangazi, mume wa mdogo wetu, kijana aliyelelewa nyumbani. Gari hupakia vitambaa na vyombo Kariakoo likaenda Morogoro, Tanga au Dodoma, na hurudi na mchele, vitunguu na vifurushi vya watu. Ni riziki ya halali, na hatuna la kuikosoa.

Lakini baada ya mwaka mmoja au miwili, mara nyingi tunalikuta gari hilo limeegeshwa juu ya mawe, na watu wa pande mbili za familia hawaketi tena mkeka mmoja. Tajiri anasema ameibiwa. Dereva anasema amenyonywa. Shangazi haonekani kwenye akika ya mjukuu. Wakiketishwa wote wawili na kusikilizwa kwa utulivu, hubainika mara nyingi kwamba hakuna aliyeiba na hakuna aliyekusudia kunyonya. Kilichotokea ni kwamba siku funguo zilipokabidhiwa, dua ikasomwa na halua ikaliwa, hakuna aliyesema ni mkataba wa namna gani uliofungwa.

Utaratibu uliozoeleka ni ule wa hesabu. Tajiri hutaja kiasi: kila siku, au kila safari, niletee fedha kadha. Inayozidi ni ya dereva, na mafuta ni juu ya dereva. Hapo ndipo mazungumzo huishia. Tairi likipasuka, mazungumzo huanza upya, na safari hii si mazuri.

Kwa mujibu wa fiqhi, mwenye kupokea kiasi maalumu kwa chombo chake amekodisha. Huo ni mkataba wa ijara, na ijara ina masharti yake: malipo yajulikane, muda ujulikane, na manufaa yanayolipiwa yajulikane. Mwenye mali hubaki kuwa mwenye mali, na matengenezo yanayolifanya gari liwe gari, yaani injini, giaboksi, springi, mfumo wa breki, ni juu yake. Mwenye kukodi hubeba gharama za matumizi: mafuta, kuoshwa, maegesho. Gari likiharibika pasipo uzembe wake, malipo ya siku hizo hayamlazimu, kwa sababu manufaa aliyoyalipia hayapo. Na mkono wake juu ya gari ni mkono wa amana. Halipi kilichoharibika ila pale alipozembea au alipovuka mipaka aliyowekewa.

Sasa tulinganishe na yanayotendeka. Wapo matajiri wanaodai hesabu hata gari likiwa limelala gereji siku tatu. Wapo wanaomtaka dereva anunue matairi kutoka mfukoni mwake, kisha akiacha kazi matairi yabaki na gari. Tajiri wa namna hiyo amechukua uhakika wa mwenye kukodisha, akaukataa mzigo wake. Wala haliponi jambo hili kwa kusema kuwa dereva alikubali mwenyewe. Kijana asiye na kazi nyingine, anayezungumza na mjomba aliyemsomesha, hukubali mengi.

Utaratibu wa pili ni wa kugawana mapato: nusu kwa nusu, au theluthi moja kwa dereva na mbili kwa gari. Hapa wanazuoni wametofautiana, na tunaona msomaji ana haki ya kujua. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu katika pwani hii, mtaji wa mudharaba ni fedha, si chombo. Kumpa mtu mnyama au chombo akifanyie kazi kwa sehemu ya mapato si mudharaba sahihi kwao, na njia iliyo wazi ni kukodisha kwa malipo yanayojulikana, au kumwajiri dereva kwa ujira unaojulikana. Imam Ahmad bin Hanbal aliliruhusu jambo hilo, na wanazuoni wa madhehebu yake, akiwemo Ibn Qudama katika al-Mughni, walilipima kwa mfano wa mwenye ardhi anayempa mkulima ailime kwa sehemu ya mavuno. Sisi si mamufti. Anayependelea njia ya kugawana amwendee shekhe wake amuulize kabla, si baada ya ugomvi. Walakini yapo mambo ambayo mwenye kugawana hawezi kuyakwepa: fungu liwe sehemu ya kinachopatikana, si kiasi maalumu, na siku gari lisipopata kitu, wote wawili wamekosa.

Tunachokataa ni kuchanganya. Tajiri anayetaka hesabu yake kamili siku ya hasara, kisha anataka nusu siku ya faida kubwa, hana mkataba wowote kati ya miwili. Na madereva nao wana lao. Yupo anayesema ni mwenye kukodi pale mzigo mzuri unapopatikana, na siku ya mvua akasema sisi ni ndugu, tulibebe pamoja. Yupo anayempa gari deiwaka ili yeye alale, na tajiri hana habari ni nani anayeendesha mali yake. Yupo anayefyonza dizeli kidogo kidogo na kuiita posho. Dereva aliyepewa gari aliendeshe yeye, akalikabidhi kwa mwingine bila ruhusa, ameshavuka mipaka, na likipata ajali mikononi mwa deiwaka hana pa kujifichia.

Tuje kwenye fedha zenyewe, kwa kuwa ndipo dhana mbaya zinapozaliwa. Tuchukue mfano, na kila msomaji aweke tarakimu za gari lake mahali pa hizi zetu. HiAce inakwenda Morogoro na kurudi Dar es Salaam, takriban kilomita 400. Inafanya safari tatu kwa wiki, na ukitoa sikukuu na siku za gereji tuseme ni safari 150 kwa mwaka, sawa na kilomita 60,000. Kila safari inaingiza shilingi 300,000. Dizeli inakunywa lita 40, na tukikadiria lita moja kwa shilingi 2,800, hiyo ni 112,000. Zinabaki 188,000. Hapa tajiri, na hasa ndugu za tajiri wasiojua kazi hii, huona faida ya 188,000.

Gari halioni hivyo. Matairi manne ya shilingi 250,000 kila moja, yakidumu kilomita 40,000, yanakula 10,000 katika kila safari hata siku ambayo hakuna tairi lililonunuliwa. Kumwaga oili na kubadili filta kila kilomita 5,000, kwa shilingi 200,000, ni 16,000 kwa safari. Bima, ukaguzi na vibali vya mwaka vikifika 1,200,000 ni 8,000 kwa safari. Pedi za breki, beringi, springi na ujira wa fundi, weka 20,000. Wapakiaji na chakula cha njiani, 20,000 nyingine. Halafu lipo lile ambalo halina risiti: gari lililonunuliwa kwa 30,000,000, likiuzwa baada ya miaka mitano kwa 15,000,000, limepoteza nusu ya thamani yake barabarani, na ukigawa katika safari 750 ni 20,000 kila safari. Jumla ya hayo yote ni 94,000. Katika zile 188,000, kilichobaki ni 94,000, yaani nusu kamili. Na hizo ndizo ambazo tajiri na dereva wanapaswa kuzitazama wanapozungumzia ujira na faida.

Tumeyaandika haya kwa urefu kwa sababu familia nyingi hula nusu ile nyingine bila kujua. Mwaka wa kwanza gari ni zima, fedha zinaingia, ada za shule zinalipwa, na paa linaezekwa. Mwaka wa pili linadai vyote kwa pamoja, na hakuna kilichowekwa. Tajiri anamtazama dereva: fedha zote zile zimekwenda wapi? Zilikwenda kwenye paa. Gari linastahili kuwa na akaunti yake au angalau kisanduku chake, na fungu lake litolewe kabla ya mtu yeyote kushika senti. Wenye kuuliza kuhusu zaka wajue kwamba gari lenyewe, likiwa ni chombo cha kazi, halitolewi zaka. Kinachotolewa ni akiba iliyotokana nalo ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka, na fedha za kisanduku hicho zimo.

Kwa aliyenunua kwa mkopo kuna fungu jingine juu ya hayo. Riba tumeshaizungumza mara nyingi katika safu hii na hatuna haja ya kurudia. Tangu mwaka 2011 nchi yetu ina benki inayofanya kazi zake zote kwa misingi ya Kiislamu, Amana Bank, na benki nyingine kadhaa zimefungua madirisha ya namna hiyo. Katika murabaha benki hulinunua gari na kulimiliki kwanza, kisha humuuzia mteja kwa bei na faida zilizotajwa, na mteja hulipa kwa mafungu. Ni halali, lakini ni deni, na deni halisubiri gari litoke gereji. Anayelipa benki 700,000 kila mwezi azigawe kwa safari zake aone kama zinaenea ndani ya zile 94,000, na bado dereva hajalipwa.

Sasa tutazame hesabu isiyopimwa inamfanya nini kijana aliye nyuma ya usukani. Ikiwa ametakiwa kupeleka kiasi ambacho mzigo wa kawaida hautoi, atafanya mojawapo ya mambo matatu, na aghalabu yote matatu.

La kwanza, atapakia kupita kiasi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inayahusu magari yenye uzito wa jumla kuanzia kilo 3,500. Canter litasimama mizani na kupimwa. HiAce nyingi ziko chini ya kiwango hicho, hupita pembeni, na hapo hakuna wa kumzuia dereva ila tajiri wake na Mola wake. Tajiri atazame bamba au karatasi za gari aone uzito unaoruhusiwa, aondoe uzito wa gari lenyewe, wa watu na wa mafuta. Kinachobaki ndicho kibali cha mzigo. Watu hushangaa ni kidogo kiasi gani. Mzigo uliozidi hurefusha umbali wa kusimama, huchemsha matairi hadi yapasuke, na hukata springi ambazo tajiri atazilipia yeye.

Namna ya kupanga nayo ina elimu yake. Vitu vizito vikae chini kabisa, vikiegemea mbele ya ekseli ya nyuma, vyepesi juu yake, na vyote vifungwe kwa kamba za kukaza. Magunia ya mchele yakirundikwa mlangoni nyuma kwa kuwa ndiyo yatakayoshushwa kwanza, mbele ya gari huinuka, usukani huwa mwepesi mkononi, na kwenye kona yenye maji gari haligeuki. Katoni za vigae zisizofungwa, dereva akikanyaga breki ghafla, zitamfuata kitini. Gari lisilo na kizuizi imara kati ya dereva na mzigo liwekewe hata cha chuma cha kuchomelea. Na wanaopandisha mizigo Iringa na Njombe wanaijua Kitonga. Wakati wa kuteremka, gia ndogo ishikwe mapema, kabla ya mteremko kuanza, kwa maana breki zikishachemka haziombwi.

La pili, ataacha kulala. Atashusha Morogoro saa nne usiku, apigiwe simu kuwa kuna mzigo wa kurudi, na kwa kuwa hesabu ya kesho imeshaanza kumdai, atageuza. Sheria imeweka kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi, na 80 kwa magari ya zaidi ya kilo 3,500 nje ya makazi, lakini hakuna kibao kinachosema dereva huyu ameamka tangu alfajiri ya jana. Hapa dini yetu imetupa msaada ambao wengi hawautumii. Safari inayozidi takriban kilomita 80 humruhusu msafiri kupunguza sala za rakaa nne na kuzikusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Dereva akisimama mara moja mchana na mara moja jioni, akatawadha kwa maji ya baridi, akasali, akanyoosha miguu nusu saa, amelipa faradhi na ameyapumzisha macho. Tajiri anayepiga simu kuuliza kwa nini umesimama ajiulize anamzuia na nini. Na mama au mke anayempigia dereva njiani kumweleza habari za nyumbani tungemsihi asubiri afike.

La tatu ni zito zaidi kwa familia yenye kuchunga halali na haramu. Mzigo wa pombe hulipa vizuri na haukosekani. Hadithi inayojulikana inamtaja mwenye kuibeba pombe miongoni mwa waliolaaniwa kwa ajili yake. Kijana mcha Mungu aliyekodishwa gari kwa hesabu ya kukaba koo hukataa mara ya kwanza, hukataa mara ya pili, na mara ya tatu huona aibu kurudi kwa mjomba mikono mitupu. Hatusemi ameruhusika. Tunasema tajiri aliyeketi nyumbani akipokea fedha hizo hawezi kunawa mikono, kwa kuwa kiasi alichokitaja ndicho kilichoifungua milango ya gari. Vivyo hivyo kifurushi kilichofungwa na mtu asiyejulikana, kinacholipiwa kuliko ukubwa wake. Yaliyomo yakiwa bangi au yaliyo mabaya zaidi, atakayesimama mahakamani ni dereva, na gari litabaki uani kwa polisi miezi mingi.

Tumetaja vifurushi, navyo vinastahili maneno machache yao wenyewe. Mama anampelekea binti yake aliye chuoni Dodoma dagaa, unga na mashuka. Fundi anapeleka nguo za harusi ya Ijumaa. Thamani ya vitu hivi haimo katika bei yake, na dereva anayeviegemeza kando ya dumu la mafuta ya taa hajui alichokibeba. Kila kifurushi kiandikwe daftarini kabla hakijaingia garini: jina na simu ya mtumaji, jina na simu ya mpokeaji, idadi, hali yake, na kilichomo kwa tamko la mtumaji mwenyewe. Mpokeaji atie saini. Wanafiqhi wamebishana tangu zamani juu ya dhima ya mtu anayewafanyia kazi watu wengi kwa ujira, je, hulipa kilichopotea mikononi mwake au huaminiwa? Kwa sababu hiyo hiyo ni bora kiasi cha dhamana kiandikwe nyuma ya risiti, kila mtu akijue kabla. Kwa upande wa serikali, leseni ya kubeba mizigo kwa malipo hutolewa na LATRA, na anayejitangaza kuwa anasafirisha vifurushi vya umma kama huduma anahitaji pia leseni ya TCRA. Leseni ya udereva ya daraja D si ya gari la biashara. Dereva wa mizigo anatakiwa awe na daraja E. Wengi hulipuuza hili hadi siku ya ajali, kampuni ya bima inapolitafuta kwanza.

Basi mkataba uandikwe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqarah, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi, na haikuwatoa ndugu katika amri yake. Tunajua ugumu uliopo: kumwambia mtoto wa dada yako atie saini huonekana kama kumtilia shaka. Kwa maoni yetu ni kinyume chake, kwani karatasi humlinda yeye kuliko inavyomlinda tajiri. Ukurasa mmoja unatosha. Useme kama ni kukodisha, ujira, au kugawana, na usitumie maneno mawili kwa jambo moja. Utaje kiasi au fungu, siku za mapumziko, nani analipia nini kati ya mafuta, matairi, oili na matengenezo makubwa, siku gari likiwa gereji dereva anapata nini, mizigo isiyobebwa, saa za mwisho za kuwa barabarani usiku, nani mwingine anaruhusiwa kuliendesha, kwa jina, faini ipi ni ya dereva na ipi ni ya gari. Faini ya mwendo kasi ni ya aliyekanyaga. Faini ya taa mbovu ambayo dereva aliitolea taarifa wiki iliyopita ni ya tajiri. Ikiwa makubaliano ni kwamba baada ya muda gari litakuwa la dereva, hiyo ni ahadi yenye masharti yake, na iandikwe peke yake, mbali na karatasi ya ukodishaji, kwa ushauri wa mwenye elimu. Mashahidi wawili, nakala mbili, na ya tatu kwa mtu mzima anayeaminiwa na pande zote.

Limebaki moja ambalo watu hawapendi kulitaja gari likiwa jipya, nalo ni kifo cha tajiri. Siku anapozikwa gari huendelea kwenda Morogoro, na kwa mwezi mmoja au mwaka mzima mtoto mkubwa au ami huendelea kupokea fedha kwa kuwa ndiye aliyezoea kuzipokea. Eda inakwisha, mjane anauliza, anaambiwa gari lina matengenezo. Ukweli wa sheria ni kwamba tangu pumzi ya mwisho ya marehemu gari si lake tena. Baada ya gharama za maziko, madeni, likiwemo la benki, na wasia, ni la warithi wote kwa mafungu yao, na kila kinachoingizwa nalo kinawafuata wao.

Tuseme marehemu ameacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, na baada ya kulipa ujira wa dereva na kutoa fungu la gari, mwezi umeleta 800,000. Mke ana thumuni, yaani 100,000. Kila mtoto wa kiume ana 280,000, na binti ana 140,000. Ikiwa mtoto mkubwa ndiye dereva, ujira wake ameshauchukua kama dereva yeyote, na fungu lake la urithi ni 280,000, si zaidi. Ikiwa wadogo hawajabaleghe, fedha zao zinashikwa kwa niaba yao na zinaandikwa. Aya ya 10 ya Suratun Nisaa inawahusu wanaokula mali ya yatima, na hakuna aliyeisoma akataka kuirudia kwa sauti mbele ya wanaohusika.

Tungependekeza kwamba ndani ya wiki ya kwanza ya msiba, mtu asiye na fungu katika mirathi, imamu wa msikiti au jirani mwaminifu, alichukue daftari la gari, apige mstari chini ya safari ya mwisho iliyofanyika marehemu akiwa hai, aandike tarehe na kiasi kilichomo kisandukuni, na atie saini mbele ya mjane na dereva. Safari ya kesho yake ianzie kwenye ukurasa mpya wenye majina ya warithi juu yake.

Maswali ya wasomaji kuhusu mirathi ya vyombo vya kazi, zikiwemo mashine za kusaga na mashua, tutayachukua wiki ijayo, inshaallah.